Mtoto Asiwe Tarishi: Jinsi ya Kuunganisha Ofisi Zote Anapookolewa Mtoto Aliyetumikishwa Kingono

Kila baada ya siku chache napigiwa simu ileile. Ni afisa ustawi wa jamii aliyepangiwa kata mpya, au kijana wa shirika, au askari aliyehamishiwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi juzi tu. Ananiambia kwa sauti ya chini: "Tumempata mtoto. Walikuwa wanamuuza gesti. Naanzia wapi?" Nimelijibu swali hilo kwenye simu mara nyingi, mara nyingine usiku wa manane, nikaona bora niliandike likae.

Jibu fupi ni hili: anza kwa kumzuia mtoto asizungushwe. Miaka michache iliyopita aliletwa kwangu msichana wa miaka 14 ameshika bahasha ya kaki iliyolowa mvua. Ndani mlikuwa na PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea hospitali), barua ya mwenyekiti wa mtaa, karatasi yenye namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), na kipande cha daftari kilichoandikwa namba ya simu ya mpelelezi. Siku hiyo alikuwa ameshapita ofisi 4, kwa miguu na kwa daladala, na kila ofisi ilimtaka aeleze tangu mwanzo. Nilimvutia kiti. Akanitazama, akasema: "Shikamoo anti. Na wewe nikuhadithie?"

Yote yaliyomo humu yanatoka kwenye swali lake. Karatasi zitembee, simu zitembee, sisi tutembee. Mtoto akae.

Ninaandika kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011 na ofisi zake za ustawi, kwa hiyo shauri likivuka bahari, wapigie wenzako wa kule mapema, wala usidhani barua ya halmashauri yako inatosha.

Mambo mawili ya kisheria, basi

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haijali kama mtoto "alikubali". Alipanda basi mwenyewe kutoka Singida? Alipewa simu na nguo? Aliambiwa atakuwa dada wa kazi, akafika akakuta baa? Hata akisema "nilikuwa nataka hela", bado ametendewa uhalifu. Mtu yeyote asikutie shaka kwa hilo, hata akiwa na cheo.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwite mtoto "dada poa" wala "changudoa", hata kwenye maelezo ya ndani ya jalada. Nimeona neno hilo likiandikwa na askari kituoni, likanakiliwa na muuguzi, halafu likasomwa kwa sauti mahakamani na wakili wa mshtakiwa. Andika "mtoto aliyetumikishwa kingono".

Uwe na nini kabla ya simu kulia

Haya huyaandai siku mtoto anapopatikana. Yaandae leo mchana, mambo yakiwa yametulia.

- Orodha ya simu ya ukurasa mmoja: Dawati la Jinsia na Watoto, mkuu wa upelelezi wa wilaya, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na yule wa hospitali, Kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu (huduma zote kwa mtoto mahali pamoja), mwendesha mashtaka wa wilaya, nyumba salama angalau 2, na msaidizi wa kisheria. Kila ofisi iwe na majina 2, kwa sababu wa kwanza atakuwa likizo. Juu kabisa andika 116, Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bure.
- Makubaliano na nyumba salama, yameandikwa na kusainiwa. "Tutakusaidia tu" hakumpi mtoto kitanda saa 8 usiku.
- Mfuko wa dharura: kanga, ndala, nguo za ndani mpya za saizi tofauti, taulo za kike, sabuni, mswaki, maji, biskuti, na bahasha za karatasi za kuhifadhia nguo za ushahidi.
- Fungu la nauli na mafuta. Likae kwa mtu mmoja anayejulikana, na liwe na daftari la kusaini.
- Mtu wa lugha. Kwenye mkoa wako wanaletwa watoto wa kutoka wapi? Kama ni watoto wanaozungumza Kinyaturu, Kigogo au Kirundi, jua leo nani ataketi nao.

Kama Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata yako inakutana, peleka orodha hii huko waijadili. Kama imelala, usiisubiri iamke.

Hatua kwa hatua

1. Saa ya kwanza: mtulize, usimhoji.

Mpe maji, mpe chakula, mpe mahali pa kukaa ambapo mlango hautazamani na barabara. Mwambie jina lako na kazi yako. Mwambie kinachofuata, hata kama ni kidogo: "Tutakunywa chai, kisha tutaenda hospitali pamoja, sitakuacha." Usiahidi usichoweza. Ukimwambia "hutamwona tena yule mtu", utakuwa umemdanganya, kwa sababu huenda akamwona mahakamani.

Maswali ya saa hiyo ni 3 tu. Unaumwa wapi? Kuna mtu hapa karibu unayemwogopa? Kuna watoto wengine waliobaki kule? La tatu likijibiwa ndiyo, mpigie mkuu wa upelelezi papo hapo, kwa sababu madalali wanaowauza huwahamisha waliobaki mara tu wanaposikia mmoja ametoka.

2. Teua msimamizi mmoja wa shauri.

Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayobeba zote. Kwa kawaida msimamizi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu sheria imeipa halmashauri jukumu la kulinda watoto wa eneo lake. Shirika linaweza kusaidia, kugharamia, hata kukaa na mtoto mchana kutwa, lakini jina la msimamizi liwe moja, liandikwe juu ya jalada pamoja na namba yake ya simu, na ofisi zote zijue ni yeye.

Kazi ya msimamizi si kufanya kila kitu. Kazi yake ni kujua kila kitu kimefika wapi. Daktari akitaka maelezo, anampigia yeye. Mpelelezi akitaka kumwona mtoto, anapitia kwake. Mama mzazi akipiga simu analia, simu inapelekwa kwake.

Mpe mtoto namba ya shauri na uitumie kila mahali badala ya jina. Ujumbe kwa wenzako uwe hivi: "Shauri 07: hospitali tayari. PF3 iko kwa mpelelezi. Anahitaji viatu saizi 37. Kikao kesho saa 4 asubuhi, ofisi ya ustawi." Umeshajulisha ofisi 5, na mtu akiokota simu yako hatajua ni mtoto wa nani.

3. Hospitali kwanza, na saa ziangaliwe.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tendo la mwisho, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi hadi saa 120. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari litakuwa "lini mara ya mwisho?" Muulize mtoto hilo peke yake, faraghani, kisha umwambie daktari wewe, mtoto asirudie.

Nenda Kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo. Vituo hivi viliwekwa ndani ya hospitali, kama pale Amana jijini Dar es Salaam, ili daktari, polisi, ustawi na mshauri wapatikane mahali pamoja. Kama hakipo kwenu, kitengeneze kwa siku hiyo: omba chumba kimoja hospitalini, na askari wa dawati aje huko akiwa na fomu ya PF3.

Matibabu yasisubiri PF3. Mtoto atibiwe, fomu ijazwe ikifika. Ukikutana na mhudumu anayesisitiza fomu kwanza, usigombane naye mbele ya mtoto. Mtafute afisa ustawi wa hospitali au mganga wa zamu. Afisa ustawi huyohuyo ndiye atakayeshughulikia msamaha wa gharama.

Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, kila nguo na bahasha yake. Nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza kabla haujafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndiyo maana uliweka nguo mpya kwenye mfuko wa dharura: mtoto asitoke hospitali amejifunga shuka la wodi.

Kabla ya kuondoka, andika tarehe za kurudi: kumaliza dawa, kupima tena wiki ya 6 na mwezi wa 3, chanjo ya homa ya ini. Mtoto mwenye miaka 15 au zaidi anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU tangu sheria ilipobadilishwa 2019, kwa hiyo usikwame kwa kutafuta saini ya mzazi aliye mbali.

4. Polisi: jalada lifunguliwe kwa kosa lililo sahihi.

Hapa ndipo mashauri mengi hupotea njia. Askari anamwona msichana na mwanamume, anaandika ubakaji. Ni kweli, ubakaji upo. Ila yule aliyemtoa kijijini, aliyemlipia nauli, aliyempangisha chumba na aliyekuwa akipokea fedha hawamo tena kwenye hadithi. Wiki ijayo watamleta mwingine. Mwombe mpelelezi aangalie mambo 3 yanayounda usafirishaji haramu: kumchukua au kumhifadhi, njia iliyotumika, na nia ya kumnyonya. Kwa mtoto, hata njia ikiwa ni ahadi tamu tu, kosa lipo.

Ushahidi wa mnyororo huo upo kwenye vitu vidogo. Tiketi ya basi. Ujumbe wa muamala wa simu. Picha ya gesti. Jina la utani la dalali. Daftari ambalo bosi aliandika "deni" la nauli na chakula. Simu ya mtoto isifutwe kitu, isichezewe, ikabidhiwe kwa mpelelezi na kuandikiwa hati. Kama walimpiga picha au video chafu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inahusika. Video hiyo usiitazame kwa udadisi, wala usijitumie "kwa usalama". Kuisambaza ni kosa, na kwa mtoto ni kutendewa tena.

Mwombe pia mkuu wa upelelezi aitaarifu Sekretarieti ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Watoto wanaotoka mkoa mmoja na kukutwa mwingine ni shauri la mikoa 2, na wilaya yako haiwezi kulibeba peke yake.

5. Mahojiano yawe mara moja, na yaandaliwe.

Kabla mtoto hajaingia chumbani, kaeni watu wazima: mpelelezi, afisa ustawi, na mwendesha mashtaka akiweza. Kila mmoja ataje anachohitaji kujua. Orodha ikishakuwa moja, mtu mmoja ahoji. Awe askari wa dawati aliyefunzwa, asiye na sare, na msichana akitaka mwanamke apewe mwanamke.

Chumba kisiwe na watu wanaopita. Maswali yawe wazi: "Niambie siku uliyofika ilikuwaje." Usimuulize "kwa nini hukukimbia?" Swali hilo linamtupia mzigo. Mapumziko yawepo. Mtoto asipokumbuka tarehe, mpe vitu anavyovijua: shule zilikuwa zimefungwa? Ilikuwa Ramadhani? Mvua za masika zilikuwa zimeanza?

Na jambo ambalo wengi hulisahau: umri. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Mashauri yameanguka kwa sababu hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama kuutaja. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha ubatizo, rejesta ya shule: anza kuvitafuta wiki hiyohiyo.

6. Mahali pa kulala.

Si mahabusu. Si benchi la kituo. Si nyumbani kwa askari mwenye huruma, wala kwa mchungaji au shehe anayejulikana mtaani, hata awe mwema vipi, kwa sababu dalali naye anamjua. Chaguo ni nyumba salama, au mlezi wa kuaminika aliyethibitishwa na ustawi. Mashirika kama KIWOHEDE la Dar es Salaam na WoteSawa la Mwanza yamefanya kazi na watoto wa namna hii kwa miaka mingi, na watumishi wao wanajua mtoto anapoamka usiku akipiga kelele afanyiwe nini. Kama hujawahi kuzungumza nao, wapigie kabla hujawahitaji.

Mahali alipo pajulikane na watu wachache mno. Gari la shirika lenye nembo kubwa mlangoni lisisimame mbele ya nyumba salama. Mtoto aelezwe masharti ya nyumba kabla ya kuingia, hasa kuhusu simu. Ametoka kwa mtu aliyemfungia mlango. Ukimfungia na wewe bila kumweleza, ataona amebadilishiwa bosi.

7. Kikao cha shauri, ndani ya siku 3.

Siku 3 ni kipimo changu, kwa sababu zikipita hizo kila mtu anakuwa ameshahamia kwenye dharura nyingine. Wakae msimamizi, mpelelezi, mtu wa afya, wa nyumba salama, mwendesha mashtaka au msaidizi wa kisheria, na wa elimu ikibidi. Mtoto si lazima awepo, lakini neno lake liwepo. Muulize kabla: "Kesho tutazungumza mambo yako. Unataka niseme nini?" Mmoja aliniambia nimwombee arudishiwe daftari lake la Kiswahili alilokuja nalo mjini. Lilikuwa kule gesti. Mpelelezi alilifuata, na nyuma ya daftari hilo tulikuta namba 2 za simu za dalali.

Kikao kisizidi saa 1. Chora safu 4 kwenye karatasi: nini, nani, lini, kimefanyika? Mfano:

- Kumfuatilia dalali stendi. Mpelelezi. Kabla ya Ijumaa.
- Cheti cha kuzaliwa. Ustawi wa wilaya anakotoka. Wiki 2.
- Mshauri wa kisaikolojia, mara 2 kwa wiki. Nyumba salama. Kuanzia Jumatatu.
- Kumsindikiza kliniki. Shirika. Tarehe zilizo kwenye kadi.

"Tutafuatilia" isiandikwe kwenye karatasi hiyo. Neno hilo halina mwenyewe. Kila mstari uwe na jina la mtu, si la ofisi. Funga kikao kwa kupanga cha pili.

8. Familia itafutwe kwa njia ya ofisi.

Najua hamu ya kumpigia mama yake palepale. Jizuie. Mara nyingi aliyempeleka mjini ni shangazi, binamu, jirani au rafiki wa familia. Simu yako inaweza kumfikia yeye kwanza. Mwandikie afisa ustawi wa wilaya anakotoka, aende nyumbani akiwa na mtendaji wa kata, na aangalie: nani alijua, nani alipokea fedha, nani anaweza kumlinda, kuna kitanda, kuna shule karibu. Mpe hoja za kuangalia, usimtumie hadithi nzima ya mtoto.

Mtoto azungumze na mzazi wakati taarifa hiyo imerudi, wewe ukiwa pembeni, na yeye mwenyewe akiwa ametaka.

9. Mahakama.

Kesi huchukua miezi, nyingine miaka. Msimamizi aweke tarehe zote kwenye kalenda, na ampigie karani siku moja kabla kuuliza kama hakimu yupo. Mtoto kusafirishwa kilomita 400 kuambiwa kesi imeahirishwa ni mateso tunayoweza kuyazuia kwa simu moja.

Mpeleke aone chumba kikiwa kitupu. Mwonyeshe hakimu anakaa wapi, mwendesha mashtaka yuko wapi, yeye atasimama wapi. Mweleze kwamba mashauri ya makosa ya kingono husikilizwa faragha, watu wa mtaani hawataingia. Mtoto wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo kabla hajaanza kuzungumza. Usimkaririshe cha kusema. Mtoto aliyekaririshwa huvunjika kwa swali la pili la wakili.

Mwombe mwendesha mashtaka mambo 2: njia ya mtoto kutomtazama mshtakiwa, na fidia mwisho wa kesi. Fidia isipoombwa husahauliwa.

10. Kurudi.

Arudi nyumbani pale tu taarifa ya hatua ya 8 inaporuhusu. Asindikizwe, asipandishwe basi na kuagwa. Shule au fundi wa kumfundisha ushonaji awe ameshapatikana kabla ya safari, kwa sababu wiki 2 za kukaa bure kijijini zinamtosha dalali kurudi na ahadi nyingine. Mtembelee ndani ya mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya miezi 3 kwa mwaka mzima. Kama wewe uko mbali, ustawi wa kule atembelee na akuandikie.

Makosa ninayoyaona kila mara

Operesheni bila vitanda. Polisi na waandishi wanavamia madanguro usiku, watoto 11 wanapatikana, nyumba salama ina nafasi 3. Wanaobaki wanalala kituoni, asubuhi wametoka na waliokuja "kuwadhamini". Operesheni ipangwe na ustawi tangu mwanzo, na idadi ya vitanda ijulikane kabla ya gari kuwashwa.

Picha. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtoto kwa watu wa kijijini kwao, wanajua gauni lake. Usipige. Mfadhili akitaka picha, mpe picha ya mlango.

Kumalizana kifamilia. Mtu ataleta ng'ombe, fedha au mzee wa ukoo mwenye maneno mazuri. Msimamizi hana mamlaka ya kupatanisha uhalifu huu, wala mjumbe, wala mwenyekiti. Ukisikia kikao cha namna hiyo kimeitishwa, mjulishe mwendesha mashtaka siku hiyohiyo kwa maandishi.

Mambo yakikwama

*Mtoto anasema ana miaka 20.* Amefundishwa. Mchukulie kama mtoto mpaka ithibitike vinginevyo. Usibishane naye. Tafuta shule aliyosoma.

*Anataka kurudi kwa bosi wake.* Hutokea sana, na si ukaidi. Ana deni la kuambiwa, ana hofu, huenda ana mdogo wake kule, na huenda anampenda. Muulize anakosa nini hapa alipo. Mara nyingine jibu ni dogo: simu ya kumpigia bibi.

*Ametoroka nyumba salama.* Toa taarifa polisi na kwa msimamizi ndani ya saa moja, si kesho. Akirudi, mkaribishe kama mgeni, chakula kwanza. Adhabu itamfanya asirudi mara ya pili.

*Polisi wanasema walete ushahidi.* Mwombe mkuu wa dawati aje kwenye kikao cha shauri. Ikishindikana, andika barua fupi kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, nakala kwa mwendesha mashtaka, ukitaja namba ya RB na vitu vilivyopo. Barua yenye nakala husogeza jalada lililolala.

*Mpelelezi amehamishwa.* Omba makabidhiano ya maandishi na umtambulishe mpya kwa mtoto kabla hajamhitaji. Maelezo ya awali yasomwe na mpelelezi mpya. Mtoto asianze upya.

*Mtoto ni wa nchi jirani.* Usimruhusu apelekwe Uhamiaji kama mkosaji. Yeye ni mtoto anayehitaji ulinzi, na safari ya kurudi kwao ipitie ustawi wa nchi zote 2, si mpakani na kuachwa. Kama anaogopa kurudi kwao, sema hivyo kwenye jalada mapema, kwa sababu huenda anahitaji hifadhi ya ukimbizi.

*Ofisi hazisemezani.* Kuna wilaya ambazo polisi na shirika wamenuniana tangu semina fulani ya zamani. Usisubiri wapatane. Endesha kikao kwa simu, mmoja mmoja, jaza safu zako 4 mwenyewe, na umtumie kila mtu karatasi iliyokamilika jioni hiyo.

*Wewe umechoka.* Umesikia mengi na halali yako ni kupumzika. Mpe msimamizi msaidizi jalada kwa siku 2, umweleze mtoto unaenda wapi na utarudi lini, na urudi siku uliyosema.

Kufunga jalada

Jalada hufungwa na kikao, si na mtu mmoja. Liwe na hukumu au sababu ya kutokuwepo hukumu, tarehe zote za kliniki zimetimia, mtoto yuko shule au kazini, na ametembelewa mwaka mzima. Lifungiwe kabatini lenye ufunguo. Mpe mtoto kadi ndogo yenye namba ya ofisi na 116. Namba yako binafsi usimwandikie kama njia pekee, kwa sababu watumishi tunahamishwa.

Yule msichana wa bahasha niliyekwambia nilimpa kadi ya namna hiyo. Alipiga baada ya miaka 2, namba ya ofisi, akapokelewa na mwenzangu ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa stendi, amekaa na binti mdogo wa kijiji chao aliyekuwa ameahidiwa kazi ya ndani mjini. Alitaka kujua tu ampeleke kwa nani.